Anza na kikao, si na jalada: mwongozo wa kukusanya santuri za jazi

Wengi wanaotaka kuanza kukusanya santuri za jazi huuliza wanunue ipi. Mimi huwauliza kwanza ni wimbo gani wa karibuni uliowashika wakashindwa kuuacha, wakaurudia mara tatu nne usiku mmoja. Asiye na jibu namwambia fedha zake azifungie kwanza. Mwenye jibu, hata kama ni wimbo mmoja tu aliousikia kwenye simu yenye spika mbovu, huyo ana pa kuanzia, na mwongozo huu ni wake.

Jazi kwa sehemu kubwa hutungwa huku inapigwa. Wimbo ule ule, wapigaji wale wale, kesho wakiupiga unakuwa kitu kingine. Kwa hiyo santuri ya jazi ni ushahidi wa siku moja, chumba kimoja, na watu fulani waliokuwamo. Hicho ndicho kikao cha kurekodi, na kikao ndicho unachokusanya. Jalada, lebo na uzito wa plastiki ni vyombo vya kukufikisha huko.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja umfuate

Ukisema "nakusanya jazi" hujasema kitu. Chukua mwanamuziki mmoja na miaka yake michache, umsikilize kwa mfuatano wa tarehe.

Tuseme umemchagua Louis Armstrong, kuanzia 1923 hadi 1928. Aprili 1923 bendi ya King Oliver ilitoka Chicago ikaenda Richmond, Indiana, kurekodi kwa kampuni ya Gennett. Studio ilikuwa kando ya reli, na treni likipita kazi ilisimama. Armstrong alikuwa kijana anayepiga korneti (ndugu ya tarumbeta) ya pili nyuma ya bosi wake. Katika "Chimes Blues" ya kikao hicho utasikia solo yake ya kwanza kuwahi kurekodiwa, na usipojua unachokitafuta itakupita. Sasa ruka hadi 12 Novemba 1925, Chicago, anaporekodi kwa mara ya kwanza na kundi lake la Hot Five kwa kampuni ya OKeh. Halafu nenda 28 Juni 1928, kwenye "West End Blues". Anafungua wimbo peke yake, bila ngoma wala piano, na kwa sekunde zile chache unaelewa kwa nini wapigaji wa tarumbeta waliomfuata walilazimika kujifunza upya.

Santuri chache tu, lakini umemsikia mtu akitoka nyuma ya chumba kuja mbele. Umesikia pia jazi yenyewe ikihama, kutoka sauti nyingi zinazosukana pamoja hadi mpigaji mmoja anayesimama na kusimulia.

Baada ya kiongozi, mfuate msindikizaji. Hapo ndipo raha ilipo, na ndipo wanaoanza wengi hawafiki. Piano ya "West End Blues" ni ya Earl Hines. Mfuate Hines uone anakupeleka wapi. Ukiwa kwa Billie Holiday mwaka 1937, usisikilize sauti yake tu. Sikiliza saksafoni ya Lester Young inavyozunguka maneno yake kama mtu anayemalizia sentensi ya rafiki. Kisha mtafute Young popote alipopiga mwaka huo.

Hatua ya 2: Jua sauti ilinaswaje

Santuri inayotajwa kwa kawaida kuwa ya kwanza ya jazi ilirekodiwa New York tarehe 26 Februari 1917, na kundi la wazungu kutoka New Orleans lililojiita Original Dixieland Jass Band, kwa kampuni ya Victor. Wanamuziki weusi walioujenga muziki huo walikuwa bado wanasubiri mlangoni. Kumbuka hilo kila unaposikia neno "ya kwanza". Katika historia ya rekodi, wa kwanza ni yule aliyeruhusiwa kuingia studio.

Hadi 1925 studio nyingi za kurekodi hazikutumia maikrofoni. Wapigaji waliielekea pembe kubwa ya kukusanyia sauti, na nguvu ya mawimbi ya hewa ndiyo iliyosukuma sindano ikachora nta. Mwenye ala kali aliwekwa mbali, mwenye ala laini akasogezwa karibu. Husimuliwa kwamba Armstrong pale Gennett alisimamishwa nyuma sana ili asimfunike Oliver. Ngoma kubwa ilikuwa taabu kwa sababu kishindo chake kingeweza kurusha sindano, ndiyo maana katika rekodi za miaka hiyo unasikia vibao vya mbao na matoazi zaidi ya ngoma. Usije ukasema mpiga ngoma fulani hakujua kazi. Mtambo ndio haukumsikia.

Mwaka 1925 kampuni kubwa zilianza kurekodi kwa umeme. Weka rekodi ya 1923 na ya 1928 moja baada ya nyingine, sikio lenyewe litakuambia.

Muda nao uliwabana. Santuri ya kawaida ya inchi 10, yenye kasi ya mizunguko 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika tatu kila upande. Solo zilikatwa zikaingia humo. Columbia walipoleta santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ mwaka 1948, wapigaji walipata nafasi ya kupumua, na baadhi yao, kusema kweli, walipata nafasi ya kurefusha mambo bila sababu.

Lipo pia pengo unalopaswa kulijua usije ukalitafutia santuri. Kuanzia 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki cha Marekani kiligoma kurekodi, na mgomo haukuisha kabisa hadi Novemba 1944. Ndiyo miaka ambayo bibopu, mtindo mpya wa jazi, ilikuwa inapikwa katika vilabu vya New York. Muziki ulibadilika gizani, na mgomo ulipokwisha ukatokea kama mtoto aliyekwisha ota meno. Kilichobaki kutoka kipindi hicho ni matangazo ya redio, rekodi za watu binafsi, na V-Disc, yaani santuri zilizotengenezwa kwa ajili ya wanajeshi kuanzia 1943 hadi 1949.

Hatua ya 3: Soma lebo, kisha soma ukingo

Hapa shika taa na miwani. Lebo ya katikati inakupa jina la kampuni, nambari ya katalogi na majina ya nyimbo. Nambari ya katalogi ni ya biashara, nayo hukuambia santuri iliuzwaje. Ya maana zaidi kwako ni nambari ya matriksi, iliyochorwa kwenye ukingo mtupu kati ya mwisho wa muziki na lebo. Katika santuri za 78, hiyo ndiyo nambari ya kurekodi kwenyewe. Mara nyingi hufuatiwa na tarakimu au herufi inayoonyesha teki, yaani jaribio la ngapi la wimbo huo. Santuri mbili zenye lebo moja, katalogi moja na jina moja zinaweza kubeba teki mbili tofauti. Ni solo mbili tofauti hizo! Wapo wakusanyaji waliozeeka wakitafuta ya pili.

Kwa santuri ndefu, shule nzuri kuliko zote ni Blue Note, kampuni iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Ujerumani, pamoja na Max Margulis. Mpiga picha Francis Wolff aliungana nao baadaye kidogo. Kampuni ilihama ofisi mara kadhaa, na anwani kwenye lebo ikahama nayo. Ukiona 767 Lexington Ave, uko kabla au karibu ya 1957. Ukiona 47 West 63rd, uko baada ya hapo. Kisha lebo zikaandikwa "New York USA" tu. Kwa kuwa lebo zilichapwa nyingi kwa mkupuo na mabaki hayakutupwa, zipo santuri zenye anwani iliyoandikwa namna moja upande wa kwanza na namna nyingine upande wa pili. Albamu ya Hank Mobley yenye nambari 1568 ndiyo iliyofanya jambo hilo liwe karibu na ugonjwa kwa wakusanyaji.

Kwenye ukingo wa santuri hizo utaona herufi RVG, au jina Van Gelder limegongwa. Huyo ni Rudy Van Gelder, mtaalamu wa macho aliyepima miwani mchana na kurekodi jazi sebuleni kwa wazazi wake Hackensack, New Jersey, hadi alipojenga studio yake Englewood Cliffs mwaka 1959. Karibu na jina lake tafuta alama ndogo inayofanana na sikio. Hiyo ni P iliyopinda, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichobonyeza santuri za Blue Note hadi kampuni ilipouzwa kwa Liberty katikati ya miaka ya 1960.

Sikio hilo limenigharimu. Niliwahi kununua albamu yenye lebo ya "New York USA", muuzaji akiapa ni chapa ya kwanza, yaani nakala ya toleo la mwanzo kabisa, nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Nilipofika nyumbani nikaiinamisha chini ya taa: RVG lipo, sikio hakuna. Liberty walirithi lebo za zamani wakaendelea kuzibandika kwenye santuri mpya mpaka zikaisha. Muziki ulikuwa ule ule, na nakala hiyo bado ninayo, tena inalia vizuri. Nilicholipia zaidi ni neno la mtu. Angalia upande mwingine pia: albamu iliyotoka mara ya kwanza baada ya Blue Note kuuzwa haitarajiwi kuwa na sikio, kwa hiyo usimwite muuzaji tapeli kabla hujajua mwaka wa albamu.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Tunayoyajua kuhusu vikao hivi, mengi hayakutunzwa na kampuni. Lebo nyingi za miaka ya 1920 ziliandika jina la bendi tu, pengine jina la bandia, na mpiga klarineti akabaki bila jina. Waliowarudishia majina yao ni mashabiki. Walikaa na santuri, wakalinganisha matriksi, wakawaandikia wazee waliokuwapo, wakabishana kwa barua kuhusu nani anapiga korneti kwenye upande wa pili. Mfaransa Charles Delaunay alichapisha orodha yake ya rekodi za jazi Paris mwaka 1936. Brian Rust, Mwingereza, akaja kuandika orodha ambayo hadi leo watu huifungua kutafuta rekodi za kabla ya 1942. Milt Gabler, mwenye duka la Commodore huko New York, alianza kutoa upya rekodi zilizosahaulika katika miaka ya 1930 akiandika kwenye lebo majina ya wapigaji wote. Leo tunaona ni jambo la kawaida. Wakati ule ilikuwa ni heshima ambayo msindikizaji hakuizoea.

Daftari lako liwe na safu hizi: tarehe ya kikao, mji, wapigaji na ala zao, matriksi na teki, nambari ya katalogi, na hali ya nakala yako. Liwe na nafasi pia ya kuandika ulichosikia. Mimi huandika kwa penseli kwa sababu hukosea. Panga kwa tarehe ya kikao, usipange kwa alfabeti, na ndani ya miezi michache utaanza kuona kwamba wapigaji wawili unaowapenda walikutana studio wiki moja na hukuwahi kujua.

Hatua ya 5: Amua: chapa ya kwanza au toleo jipya?

Hapa nitawaudhi wengine. Kwa anayeanza, toleo jipya lililotengenezwa vizuri kutoka tepu za asili ni bora kuliko chapa ya kwanza iliyochakaa. Chapa ya kwanza ina mvuto wake, sikatai: ndiyo waliyoishika watu wa wakati ule, na kwa 78 nyingi sahani zenyewe ndizo zilizobaki, nta na mabamba ya kuzichapia yalikwisha kutupwa. Lakini ukongwe peke yake hauleti ukweli.

Mfano wake ni "Kind of Blue" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, Columbia, 1959. Kikao cha kwanza kilikuwa 2 Machi, katika studio ya 30th Street, New York, na mashine kuu ya tepu siku hiyo ilikuwa ikizunguka polepole kidogo. Tepu ilipochezwa kwa kasi sahihi, muziki ukatoka umepanda juu ya sauti yake halisi. Kwa miongo mitatu upande wa kwanza wa albamu hiyo ulisikika hivyo duniani kote, na wapigaji waliojaribu kuufuatisha nyumbani walidhani ala zao ndizo zenye kasoro. Kosa lilisahihishwa katika toleo la 1992, kwa kutumia tepu ya mashine ya akiba. Juu ya hayo, nakala za mwanzo zilibadilishana majina ya "All Blues" na "Flamenco Sketches". Anayetaka chapa ya kwanza ananunua kosa pamoja na historia yake, na ni haki yake. Anayetaka kusikia chumba kilivyolia siku ile atafute toleo lililosahihishwa.

Matoleo mapya yana zawadi nyingine: teki zilizoachwa. Kikao cha mpiga saksafoni Charlie Parker cha 26 Novemba 1945 kwa kampuni ya Savoy ni mfano. Katika jaribio la kwanza la "Ko-Ko" wapigaji wanamaliza utangulizi, wanaanza melodia ya "Cherokee", wimbo ambao "Ko-Ko" imejengwa juu yake, mara wanasimamishwa. Teki iliyotolewa inaruka melodia hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye solo. Ukisikiliza zote mbili unakuwa kama uliyekaa kona ya studio.

Hatua ya 6: Kagua kabla hujatoa fedha

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maelezo yakijaa "adimu sana" na "haipatikani tena", rudi kwenye picha. Taka picha ya ukingo mtupu, pande zote mbili. Uliza kama hali ya santuri imepimwa kwa macho au kwa kuichezesha, maana santuri inaweza kung'aa kama kioo na bado mifereji yake imelimwa na sindano nzito za zamani. Kovu refu linaloonekana vibaya huenda lisisikike kabisa, ila kijidoti kimoja kilichozama kikatoa kishindo kila mzunguko. Pitisha kidole kwa upole juu ya kovu: ukilihisi, utalisikia. Kwa 78, itazame kutoka pembeni utafute ufa unaotoka ukingoni, kisha igonge kidogo kwa ukucha. Nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti butu.

Jiwekee pia kikomo kabla mnada haujafunguka, ukiandike, ukae mbali na simu. Dakika ya mwisho ya mnada haina rafiki.

Hatua ya 7: Cheza na utunze ipasavyo

Santuri za 78 nyingi ni za shelaki, utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe. Kosa moja linaziua: spiriti. Alkoholi huyeyusha shelaki, kwa hiyo dawa nyingi za kusafishia vinili, yaani santuri za plastiki, ni sumu kwake. Tumia maji yaliyochujwa, tone la sabuni isiyo kali, kitambaa laini, na usiloweshe lebo. Kausha kabisa.

Sindano nayo ni tofauti. Mfereji wa 78 unataka ncha ya takriban maikroni 75, wa santuri ndefu maikroni 25 au pungufu. Ukitumia ndogo kwenye 78 itaburuzika chini kwenye uchafu, usikie mchanga badala ya muziki. Na "78" ni jina zaidi ya kipimo. Rekodi za zamani huweza kutaka 76 au 80, ndiyo maana mtambo wenye kurekebisha kasi unafaa.

Zihifadhi zikiwa wima, mbali na joto na jua. Usizilaze moja juu ya nyingine.

Hatua ya 8: Endelea kusoma maboksi

Ukishafika hapa utaanza kuota kisichopatikana. Kila mkusanyaji anacho. Buddy Bolden, mpiga korneti wa New Orleans, aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907 na kufia humo 1931. Inasemekana aliwahi kurekodi mche mmoja wa nta, yaani silinda ya kurekodia ya zamani, na hadi leo haujapatikana. Usiuuzie nyumba.

Vingine hupatikana. Dean Benedetti, mpiga saksafoni, alimfuata Charlie Parker vilabuni mwaka 1947 na 1948 akiwa na mtambo wake wa kurekodi. Aliuwasha Parker alipoanza solo na kuuzima wengine waliposhika zamu, ili asimalize akiba yake. Rekodi hizo ziligeuka hadithi kwa miaka arobaini, mpaka kampuni ya Mosaic ilipozitoa mwaka 1990.

Mapema mwaka 2005, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, mtaalamu wa kurekodi Larry Appelbaum alikuwa akihamisha tepu za zamani za redio ya Voice of America, kazi ya kila siku. Boksi moja lilikuwa na maandishi ya tamasha la jazi la Carnegie Hall, 29 Novemba 1957, na kwenye tepu mojawapo mtu alikuwa ameandika kwa mkono "T. Monk". Basi. Jina la mpiga saksafoni halikuwapo. Appelbaum akaiweka tepu kwenye mashine, na aliyekuwa akipiga saksafoni pembeni ya mpiga piano Thelonious Monk alikuwa John Coltrane.